Uzi: Kuhamisha nyimbo zako kwenda draivu nyingine bila kuua plelisti (iTunes, VirtualDJ na wengineo)

#1 kinanda_kikuu

Wakuu heshima kwenu, wanaume kwa wanawake.

Hili swali linarudi humu kila mara kwa sura tofauti nikaona bora niliandikie uzi wake tumalizane nalo. Mtu kanunua eksteno (draivu ya nje) mpya au kaongeza SSD kwenye laptopu, C yake imejaa mpaka imekuwa nyekundu, anakopi folda lote la nyimbo analipeleka kule, anafuta huku alikolitoa ili apate nafasi, halafu jioni anafungua iTunes, ile programu ya Apple ya kupangia muziki, anakuta kila wimbo una alama ya mshangao pembeni, akiubofya anaambiwa faili halionekani. Hapo ndo anakuja kulia humu kwamba nyimbo zimeliwa. Zipo zote mzee, zimetulia kwenye draivu mpya. Kilichokufa ni maktaba.

Iko hivi. Programu yoyote ya kupangia muziki ina vitu viwili, kuna faili za nyimbo zenyewe halafu kuna daftari ambalo programu inaandika habari za kila wimbo: nyota ulizoupa, umeupiga mara ngapi, uliingia lini, uko kwenye plelisti zipi, na kubwa kuliko yote uko wapi, yaani njia kamili kuanzia herufi ya draivu mpaka jina la faili. Kwa iTunes ya Windows hilo daftari linaitwa iTunes Library.itl na linakaa C:\Users\jinalako\Music\iTunes. Sasa tuseme nyimbo zilikuwa draivu E ukazipeleka G, daftari bado linasema E, programu inaenda E inakuta hamna mtu nyumbani.

Halafu akishaziona zile alama anafanya jambo baya kuliko la kwanza, analichukua folda jipya analiburuta lote ndani ya iTunes. Inazipokea kama nyimbo ngeni kabisa. Matokeo yake ana kila wimbo mara mbili, mmoja mfu lakini una nyota na historia ya miaka, mwingine mzima lakini mtupu. Kusafisha hiyo takataka kwa mkono ni kazi ya mtu aliyefungwa.

Njia ninayoipenda mimi, kama nyimbo zako hazipo C, ni kuifanya draivu mpya irithi herufi ya ile ya zamani. Unakopi kila kitu, folda zikae vilevile bila kubadilisha hata jina moja, ukimaliza na kuhakiki unabonyeza Windows na R, unaandika diskmgmt.msc, unaipa ile ya zamani herufi nyingine mfano X, halafu mpya unaipa E. Windows itakutisha kidogo kwamba kuna programu zinaweza zisifanye kazi, kubali. Fungua iTunes. Haijui kama kuna kitu kimebadilika, na haina haja ya kujua.

Kama nyimbo zako ziko C hiyo haiwezekani maana C ndo Windows yenyewe, huwezi kuihamishia jina. Hapo unaiachia iTunes ihamishe kwa mikono yake. Nenda Edit, Preferences, Advanced, badilisha mahali pa "iTunes Media folder" upeleke kwenye draivu mpya, bonyeza OK, halafu File, Library, Organize Library, weka tiki kwenye "Consolidate files". Inakopi kila wimbo kwenda kule na kila ikikopi inasahihisha daftari lake. Ila elewa kwamba INAKOPI, haihamishi, za zamani zinabaki C palepale na nafasi yako haijarudi mpaka uzifute mwenyewe. Zifute baada ya kuhakiki, sio kabla.

Na kabla ya yote hayo funga iTunes, chukua folda lote la iTunes lenye hilo faili la .itl ulikopi pembeni. Ni dogo ukilinganisha na nyimbo, na ndo kazi yako ya miaka yote.

Karibuni kwa maswali, wa VirtualDJ (ile programu ya madj ya kupigia nyimbo) nanyi mna shida zenu nitawafikia.

#2 mtu_wa_bando

Mkuu zama hizi bado kuna watu wanatunza mp3 kwenye draivu? Si unalipia strimu unasahau habari za herufi E sijui X

#3 kinanda_kikuu

Nilijua utakuja mapema hahaha. Strimu naitumia na mimi. Ila nusu ya vitu nilivyo navyo havipo huko, nina dansi zilizorekodiwa toka redioni kwenye kaseti, kaswida za maulidi ya mtaani, gospeli za kwaya ambazo zilitoka kwenye kaseti tu na kwaya yenyewe ilishavunjika. Na strimu wimbo ukiondolewa umeondolewa, leo upo kesho umekuwa wa kijivu haubofyeki. Faili langu haliondoki mpaka nilifute. Kila mtu na lake, tuendelee.

#4 mzee_wa_singeli

Kaka hapo kwenye VirtualDJ ndo nilipo mimi, napiga shughuli za wikiendi, vigodoro, sendofu, harusi. Eksteno yangu ya nyimbo ni ya zamani imeanza kuwa nzito nimenunua nyingine. Nilijaribu kukopi folda la MUZIKI kwenda mpya nikachomeka ile mpya peke yake, nyimbo zinapiga ila kyu zote (zile alama za wapi pa kuanzia wimbo) hamna, bitigridi (mistari ya kufuata mapigo) nilizonyoosha kwa mkono hamna, rangi hamna. Kwa singeli bila kyu ni mateso, beti linaingia kasi mno huwezi kutafuta mwanzo wakati watu wako uwanjani. Imekaaje hii?

#5 kinanda_kikuu

Mzee wa singeli swali lako ni zuri na jibu lake ni fupi kuliko unavyodhani.

VirtualDJ haina daftari moja. Inaweka daftari kwa kila draivu. Fungua ile eksteno ya zamani, usiingie ndani ya MUZIKI, baki pale mwanzoni kabisa, utaona kuna folda linaitwa VirtualDJ, na ndani yake kuna faili database.xml. Humo ndo kuna kyu zako zote za nyimbo zilizoko kwenye hiyo draivu. Wewe umekopi MUZIKI ukaacha hilo folda nyuma, ndo maana nyimbo zimefika uchi.

Fanya hivi: funga VirtualDJ kabisa, kopi folda la VirtualDJ lilipo kwenye eksteno ya zamani ulipeleke kwenye mpya, nalo likae pale mwanzoni, na kama kwenye mpya VirtualDJ ilishajitengenezea lake (itakuwa imeshatengeneza maana umeshaifungua) hilo jipya lipe jina lingine kwanza, usiyachanganye. Halafu ipe draivu mpya herufi ileile ya zamani. Njia ya folda ibaki MUZIKI hivyohivyo kwa herufi kubwa kama ilivyokuwa, usianze kujipangia upya siku hiyohiyo. Kuhama ni siku moja na kupanga ni siku nyingine.

Wale wa Serato, programu nyingine ya madj, hali yao ni nafuu kidogo kwa sababu kyu zinaandikwa ndani ya faili la wimbo lenyewe kwenye tagi (sehemu ya maelezo ya wimbo), zinasafiri nalo. Ila krati zao, yaani plelisti zao, ziko kwenye folda linaitwa _Serato_ na hilo pia liko pale mwanzoni mwa draivu, ukiliacha umeacha krati.

Na jambo moja ambalo madj wengi hawalijui, kama kompyuta moja ina iTunes na VirtualDJ na zote zinasoma folda moja, nenda kwenye iTunes, Preferences, Advanced, toa tiki kwenye "Keep iTunes Media folder organized". Ile tiki ikiwepo, ukisahihisha tu jina la wimbo au la msanii ndani ya iTunes yenyewe inaenda kulibadilisha jina la faili au kulihamishia kwenye folda la huyo msanii kimyakimya. iTunes inajua ilikolipeleka. VirtualDJ haijui. Unakuja kushtuka ukumbini.

#6 fundi_wa_nyuma_ya_soko

Mleta uzi umeongea vizuri ila umeruka sehemu ya kukopi kwenyewe kama vile ni jambo dogo. Mimi nafanya kazi ya kuokoa data, wateja wengi wanaoniletea draivu mbovu walikuwa wanakopi kwa kuburuta na panya. Unaburuta GB 400, katikati Windows inakuuliza swali kuhusu faili moja lenye jina refu, wewe umeenda kula, umerudi baada ya saa mbili imesimama palepale inakusubiri. Au umeme umekatika, hujui zimefika ngapi, unaanza upya.

Tumieni robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Vista hakuna cha kudaunilodi. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) andika:

robocopy "E:\MUZIKI" "G:\MUZIKI" /E /R:1 /W:1 /LOG:"%USERPROFILE%\muziki.txt"

/E inachukua folda zote za ndani hata zilizo tupu. /R:1 na /W:1 maana yake faili likigoma jaribu tena mara moja baada ya sekunde moja kisha endelea na mengine. Msiziache hizo mbili, kwa sababu usipoziandika robocopy kwa asili yake inarudia mara milioni moja na inasubiri sekunde 30 kila mara, faili moja bovu linakuweka hapo mpaka wajukuu. Umeme ukikatika unaandika amri ileile tena, yaliyokwishafika inayaruka, inaendelea na yaliyobaki. Ukimaliza unasoma hilo faili la muziki.txt chini kabisa kuna hesabu ya yaliyokopiwa na yaliyoshindwa.

Onyo: kuna watu watawaambia muweke /MIR. Hiyo inafanya draivu ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, yaani chochote kilichoko kule ambacho huku hakipo INAFUTA. Ukikosea ukageuza mwanzo na mwisho, folda tupu linafutisha folda lililojaa na haikuulizi.

Na jingine, msiandike "E:\" ikiwa peke yake ndani ya alama za kunukuu, ule mkwaju wa mwisho unaimeza alama ya kufunga amri inavurugika. Andika folda lililo ndani yake kama nilivyoandika hapo juu.

#7 kinanda_kikuu

Fundi asante, hapo umenisaidia. Nilitaka kulitaja nikaona uzi unakuwa mrefu. Niongezee tu, ukitumia robocopy na tarehe za faili zinabaki za zamani, wakati ukiburuta kwa panya tarehe ya kutengenezwa inakuwa ya leo. Kwa anayepanga nyimbo zake kwa tarehe hilo ni kubwa.

Na kuhakiki: bofya folda la zamani kitufe cha kulia, Properties, angalia idadi ya faili na "Size", halafu fanya vivyo hivyo kwa jipya. Linganisha Size. Ile ya chini yake, "Size on disk", achana nayo, itatofautiana kutegemea draivu ilivyofomatiwa na watu wanapata presha ya bure.

#8 bint_pongwe

Habari zenu kaka zangu. Mimi sio dj wala fundi. Baba alikuwa na kaseti za taarabu nyingi, za vikundi vya Tanga na Unguja, na nyingine alirekodi mwenyewe kwenye harusi za ukoo. Nimekuwa nikiziingiza moja baada ya nyingine kwenye laptopu kwa Audacity (programu ya kurekodi sauti), zimekuwa WAV (faili za sauti zisizobanwa). Laptopu imejaa. Nikanunua fleshi mtaani imeandikwa 2TB bei yake ndogo sana kusema kweli. Nikakopi, majina yote naona yapo, ila nikifungua nyingi hazitoi sauti, kimya kabisa, nyingine zinakata katikati. Na kuna faili nyingine zilikataa toka mwanzo zinasema jina si sahihi. Laptopu ni ya zamani mdogo wangu aliniwekea Ubuntu. Je hizo kaseti nirudie? Maana nyingine utepe wake umeshachoka, niliziingiza kwa shida.

#9 fundi_wa_nyuma_ya_soko

Dada usifute kitu chochote kwenye laptopu. Narudia usifute. Kama WAV bado ziko kwenye laptopu hujapoteza kitu.

Hiyo fleshi ni feki. Ndani ina chipu ndogo labda ya GB chache, wameichezea programu yake iidanganye kompyuta kwamba ni 2TB. Inapokea kila unachoipa, majina inayaandika, lakini ikishajaa kiukweli vinavyofuata vinaangukia hewani au vinaandikwa juu ya vilivyotangulia. Ndo maana unaona jina na ndani kimya. Kuna kiprogramu cha Kijerumani cha bure kwa Windows kinaitwa H2testw, kinaijaza draivu yote kwa data ya majaribio halafu kinaisoma tena na kukwambia ukweli wake. Kwa Ubuntu kuna F3 kazi ni ileile. Mtu yeyote akinunua draivu mpya aipime kabla hajaipa mali yake, hata kama kanunua duka lenye kiyoyozi.

#10 kinanda_kikuu

Pole dada bint_pongwe, na hongera kwa kazi hiyo.

Hayo majina yanayokataliwa nadhani najua. Ubuntu kwenye diski yake inakuruhusu kuweka nukta mbili na alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Fleshi na eksteno nyingi zimefomatiwa kwa mtindo unaofuata sheria za Windows na huko nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, alama ya kunukuu na ule mstari wa kusimama ni marufuku. Nina uhakika umeyaandika hivi: "Kaseti 12 Upande A: harusi ya shangazi". Badilisha nukta mbili iwe kistari tu, itaingia.

La pili, usizihifadhi kama WAV. Dakika moja ya WAV ya kiwango cha CD inakula kama MB 10, kaseti ya dakika 90 pande zote mbili inakaribia GB moja. Zigeuze FLAC, Audacity hiyohiyo inatoa FLAC, sauti haipungui hata chembe, faili linashuka kufika karibu nusu, na FLAC inabeba tagi vizuri wakati WAV kila programu inazisoma tagi zake kivyake. MP3 tengeneza nakala za kusikilizia kwenye simu tu, FLAC ndo asili yako ya kutunza.

La tatu ni hizo tagi, na hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko draivu. Kaseti haina kava wala mtu wa kumuuliza kwenye mtandao, ukiacha faili linaitwa "Upande A" basi baada ya miaka hakuna atakayejua ni nani anaimba. Andika ndani ya faili: kikundi, mwimbaji kama mzee anamkumbuka, harusi ya nani, mwaka hata wa kukisia. Kama mzee yupo kaa naye asikilize akwambie huku unaandika. Kwenye sehemu ya aina ya muziki andika Taarabu kwa mkono usichague kwenye orodha, ile orodha ya kwanza ya mp3 ilikuwa na aina 80, polka imo na taarabu haimo.

#11 bint_pongwe

Nashukuru sana. Mzee yupo, macho ndo hayaoni vizuri ila masikio yako sawa. Ni kweli majina nimeweka nukta mbili yote. Eksteno ya kweli ninunue ya aina gani?

#12 fundi_wa_nyuma_ya_soko

Ya kuzunguka ya kawaida ya 1TB inakutosha dada, huhitaji SSD kwa kutunza kaseti. Tena nunua mbili ndogo kuliko moja kubwa, moja ikae kwako nyingine kwa ndugu. Duka liwe linatoa risiti na garantii. Ukifika nyumbani kabla ya kitu chochote ipime kwa hiyo F3.

#13 mswahili_wa_likoni

Salaam aleikum jamaa. Mie niko Mombasa natumia Mac, nimepewa eksteno na binamu yangu alikuwa akiitumia kwa Windows. Nyimbo zilizomo yanisomea vizuri, nikitaka kuongeza zangu hainiruhusu, yakataa katakata. Imeharibika ama?

#14 kinanda_kikuu

Waaleikum salaam. Haijaharibika, imefomatiwa NTFS, ule mtindo wa Windows wa kupanga faili kwenye draivu. Mac inasoma NTFS ila yenyewe kama yenyewe haiandiki humo. Kama utaitumia Mac na Windows zote ifomati exFAT, hiyo wote wawili wanaandika. Lakini kufomati kunafuta kila kilichomo kwa hiyo hamisha kwanza nyimbo za binamu mahali pengine.

Na kwa kuwa uko Mac, kama mfumo wako ni Catalina ya mwaka 2019 au mpya zaidi hamna iTunes tena, kuna programu inaitwa Music. Mambo ni yaleyale, unabadilisha mahali pa media kwenye mipangilio yake upande wa Files kisha unafanya Consolidate. Lile daftari lenyewe linaloitwa Music Library liache hapohapo kwenye Mac, peleka nyimbo tu eksteno. Siku ukitaka kuchagua daftari jingine, shikilia kitufe cha Option wakati unafungua Music. Kwa iTunes ya Windows ni Shift.

Tahadhari kwa wote mlioweka nyimbo eksteno: chomekeni draivu KWANZA ndo mfungue programu. iTunes ikifunguka haioni draivu, inarudi kimyakimya kwenye folda lake la asili kule C, na nyimbo mpya utakazoingiza siku hiyo zinaenda huko. Baada ya miezi nyimbo zako ziko vijiji viwili na hujui ipi iko wapi. Ikishakutokea, rudisha mahali pa media panapotakiwa halafu Consolidate tena, inazikusanya.

#15 kapuku_wa_data

Wakuu mimi nimechelewa, nimeshafanya lile kosa la kwanza, alama za mshangao kila mahali, ila sijaburuta kitu. Za zamani nimeshafuta. Kuna uzima?

#16 kinanda_kikuu

Upo tena mkubwa. Kama zamani zilikuwa E au D, ipe draivu mpya herufi hiyo na njia ya folda iwe sawa na zamani, alama zitapotea zenyewe ukianza kupiga. Kama zilikuwa C, bofya wimbo mmoja wenye alama, itakuuliza kama unataka kuutafuta, kubali, uonyeshe ulipo kwenye draivu mpya. Ukishauonyesha itakuuliza kama ijaribu kutumia mahali hapo kutafuta na wengine waliopotea. Kubali na hapo. Kama mpangilio wa folda haukubadilika inaokota wengi wao kwa mpigo.

Wenye plelisti za m3u nao msihangaike. Faili la m3u ni maandishi matupu, lifungue kwa Notepad utaona mistari kama hii:

E:\MUZIKI\Dansi\Kaseti ya redio 03.mp3

Unaenda kwenye Replace, E:\MUZIKI iwe G:\MUZIKI, Replace All, unasevu, umemaliza. Tengeneza nakala yake kwanza tu.

#17 mtu_wa_bando

Haya mimi niliyekuwa nacheka, draivu ya laptopu ya nyumbani imeanza kulia tik tik tik, humo ndani kuna nyimbo za bi mkubwa za kwaya. Nikimbilie kuiskani kwanza iponye ndo nikopi?

#18 fundi_wa_nyuma_ya_soko

Usiiskani! Diski inayogonga, kila sekunde unayoizungusha inaweza kuwa ya mwisho. Kuiskani au kuifanyia difragi ni kumchosha mgonjwa anayepumua kwa shida. Kama bado inafunguka, kopi kwanza vile ambavyo havipatikani pengine, hizo kwaya, vya kudaunilodi tena viache mwisho. Robocopy na ile /R:1 ndo kazi yake hapa, inaruka pabovu inaendelea. Ikigoma kufunguka kabisa izime umpelekee fundi, usiendelee kuiwasha na kuizima kubahatisha.

Kwa wengine ambao zao bado hazijalia, CrystalDiskInfo ni programu ya bure ya kuangalia afya ya diski. Angalia mistari 05, C5 na C6, ndo inayohesabu sehemu mbovu. Namba zikianza kupanda kwenye hiyo mitatu diski imeshaanza kuugua hata kama wewe husikii kitu. Huo ndo wakati wa kuhama kwa utulivu.

#19 mzee_wa_singeli

Mrejesho wakuu. Nimefanya kama mlivyosema, folda la VirtualDJ nimelihamisha, lile jipya nimelibadilisha jina, herufi nimeipa ileile. KYU ZOTE ZIMERUDI na bitigridi na rangi zake. Robocopy kwa chomeo la USB 2 ilikuwa inajivuta nikahamia lile tundu la bluu ikakimbia hatari.

Kimebaki kitu kimoja. Nimeweka nyimbo kadhaa kwenye fleshi ya GB 64 kwa ajili ya gari la bosi tunapoenda shughulini, redio ya gari inaandika haioni kitu. Kompyuta inaisoma fresh.

#20 fundi_wa_nyuma_ya_soko

Tundu la bluu ni USB 3 mzee, diski ya kuzunguka ya kawaida inaenda kwenye MB 100 kwa sekunde, USB 2 inaishia kama 30. Kwa GB 400 moja ni saa na kidogo nyingine karibu saa nne.

Fleshi hiyo itakuwa exFAT. Redio nyingi za gari zinataka FAT32. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows lilizoea kukupa FAT32 mwisho GB 32, kwa hiyo ya 64 tafuta kiprogramu kama Rufus au tumia fleshi ndogo. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 ila kwa mp3 hilo halikuhusu. Na majina ya folda yafanye mafupi, redio nyingine zinachoka.

#21 mzee_wa_singeli

Poa fundi. Eksteno ya zamani niifomati sasa niuze?

#22 kinanda_kikuu

Piga na hiyo mpya shughuli mbili tatu kwanza, ndo uuze.